Kalamu na Hisa: Tabaka la Kati la Maseno

Tabaka la kati, yaani watu wasio matajiri wa mashamba na viwanda wala mafukara wa kibarua cha siku, lilizaliwa Maseno kwa njia tofauti na miji ya pwani, ambako biashara ilitangulia elimu ya shule kwa karne nyingi. Hapa, kwenye mstari wa ikweta kaskazini-magharibi ya Kisumu, kalamu ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1906, miaka mitano baada ya reli kufika Ziwa Victoria, wamisionari wa Church Missionary Society chini ya J. J. Willis walianzisha shule iliyowapokea kwanza wana wa machifu, na waliotoka humo wakawa makarani, walimu na wachungaji, ambao Wajaluo waliwaita josomo, yaani wasomaji, au jonanga, watu wa nguo. Mwaka 1908 wanafunzi waligoma wakipinga kazi nyingi za mikono, kwa kuwa walikwisha kutambua thamani ya kusoma. Na mwaka 1921 wahitimu, akiwemo Jonathan Okwiri, waliongoza Young Kavirondo Association kupinga kodi ya vibanda na kipande, yaani kitambulisho cha lazima kwa wafanyakazi Waafrika.

Hata hivyo, mshahara uliowainua ulitoka kwa serikali ileile waliyoilalamikia. Aliyeliona tatizo hili kwa undani zaidi ni Oginga Odinga, mwalimu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya mifugo papo hapo Maseno. Yeye na wenzake walianza na chama cha akiba cha Bondo, kilichokua kuwa Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, kampuni iliyouza hisa, yaani sehemu ndogondogo za umiliki, kwa wafanyakazi waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki. Fedha hizo zilijenga duka Maseno na kununua mtambo wa kuchapisha magazeti. Mtaji ulikuwa mdogo na vikwazo vilikuwa vingi, lakini fikra yenyewe ilistahili urithi mkubwa kuliko ilioupata.

Baada ya uhuru kalamu ilishinda, maana nafasi za Wazungu ofisini zilifunguka na kila boma likatafuta cheti. Ushindi huo ulikuwa na gharama, kwani riziki ya tabaka zima iliegemea ajira ya umma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli na bandari ya Kisumu zilipoteza uhai. Kisha ukaja urekebishaji wa uchumi, yaani masharti ya wakopeshaji yaliyotaka serikali ipunguze matumizi, na pamoja nao karo, ada za hospitali na upunguzaji wa watumishi wa umma katika miaka ya 1990, wakati uleule ukimwi ulipokuwa ukiwazika walimu na makarani wa mkoa huu wa Nyanza. Mshahara mmoja, ambao zamani ulisomesha wadogo na wapwa, haukuitosha tena hata nyumba ya aliyeupokea.

Chuo Kikuu cha Maseno, kilichokuwa chuo kishiriki mwaka 1990 na kikajitegemea mwaka 2001, kimeleta vyumba vya kupanga, mikahawa na vibanda vya kuchapishia, ingawa mapato hayo hupungua kila wanafunzi wanapokwenda likizo. Dalili yenye uzito zaidi ya kuinuka tena kwa tabaka hili ni sacco, vyama vya akiba na mikopo vinavyomwezesha mwalimu kununua ploti au kufungua duka. Na hata huko, mchango wake wa hisa hukatwa kila mwezi kwenye mshahara wa serikali.