Nani Mwenye Kipaza Sauti? Filamu ya Nashville (1975) na Suala la Usimulizi

Aghalabu mhakiki wa fasihi humsaka mhusika mkuu kabla ya jambo jingine lolote. Filamu ya Nashville, iliyoongozwa na Robert Altman na kutolewa nchini Marekani mwaka 1975, humnyima fursa hiyo. Ina wahusika 24, siku tano, na mji mmoja ulio makao ya muziki wa kantri. Wapo waliodai kuwa kazi hii haina msuko. Dai hilo ni pungufu. Msuko upo, ila haukufumwa kwa matendo ya shujaa; umefumwa kwa swali la nani anayekishika kipaza sauti.

Mswada uliandikwa na Joan Tewkesbury, ambaye alizuru Nashville mwaka 1973 na kuweka shajara ya aliyoyaona. Picha zilipigwa mjini humo katika kiangazi cha 1974, majira yale yale Rais Richard Nixon alipojiuzulu. Mnamo Machi mwaka huo onyesho mashuhuri la Grand Ole Opry lilikuwa limehama ukumbi wake wa zamani, Ryman, na kwenda Opryland, kwenye bustani ya burudani ya kulipia. Muziki wa wakulima ulikuwa umekwisha kuwa biashara ya watalii.

Altman aliwavisha waigizaji vinasa sauti vidogo na kuzihifadhi sauti zao katika mikondo mbalimbali, hata mazungumzo ya wengi yakasikika kwa pamoja. Hii ndiyo demokrasia ya filamu: kila mtu ana sikio linalomsikiliza. Lakini ndani ya hadithi yenyewe hali ni kinyume. Mgombea urais Hal Phillip Walker haonekani uso wake kamwe, ilhali gari lake lenye vipaza sauti halinyamazi. Sueleen Gay, mhudumu wa mkahawa asiyejaliwa sauti, anazomewa na wanaume katika karamu ya kuchangisha fedha za siasa, kisha anashurutishwa kuvua nguo kwa ahadi ya kuimba pamoja na Barbara Jean. Albuquerque, aliyemtoroka mumewe, anapata jukwaa kwenye uwanja wa mbio za magari, na mngurumo wa injini unaumeza wimbo wake wote. Barbara Jean mwenyewe, malkia wa kantri, anaondolewa jukwaani na mumewe mara anapoacha kuimba na kuanza kusimulia utoto wake. Yaani hata mwenye kipaza sauti hana ruhusa ya kusema. Ana ruhusa ya kuimba tu.

Wanamuziki wengi wa Nashville hawakuifurahia filamu hii. Nyimbo nyingi zilitungwa na waigizaji wenyewe, si na watunzi wa mji huo, na wenyeji waliona ufundi wao umefanyiwa mzaha. Msikilizaji wa Kenya aliyelelewa na sauti ya Jim Reeves redioni ataelewa uchungu huo. Hata hivyo, lawama hii inahitaji kupimwa. Wimbo mmojawapo, wa Keith Carradine, ulitunukiwa Oscar. Na Ronee Blakley, aliyeigiza Barbara Jean, alikuwa mtunzi na mwimbaji kabla ya filamu. Penye nyimbo dhaifu, udhaifu huo mara nyingi ni wa mhusika. Haven Hamilton anarekodi wimbo wa kuisifu nchi huku akimfokea mpiga piano: kiburi chake kimo ndani ya utunzi wake. Kosa la Altman, kama lipo, ni kuwaacha watu halisi wa mji wakiwa mandhari.

Tamati hutokea mbele ya Parthenon, nakala ya hekalu la Kigiriki iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1897. Barbara Jean anapigwa risasi katika mkutano wa Walker. Haven, akivuja damu mkononi, anawasihi watu waimbe, na kipaza sauti kinamwangukia Albuquerque. Kwaya inamwitikia, umati unaitikia, kamera inapanda polepole hadi mbinguni. Sueleen, aliyekwisha kuilipia nafasi hiyo, amesimama papo hapo jukwaani, wala hakuna anayemgeukia.