Ndui iliyokwisha na jina lililobaki

NENO ndui limerudi magazetini. Tangu Julai 2024, Kenya ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Mpox katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta, nimekuwa nikikata vijihabari hivi na kuviweka kwenye faili. Wengine huandika Mpox, wengine ndui ya nyani, wengine homa ya nyani. Ugonjwa ni mmoja.

Ndui yenyewe, ile ya binadamu, ilijulikana sana na babu zetu. Ilipopita kijijini ilizoa watu, na wale iliowaacha iliwatia makovu usoni, wengine ikawapofusha. Mwishoni mwa karne ya 19 iliandamana na njaa na sotoka ya ng'ombe katika nchi hii. Wakikuyu walilipa rika moja la waliotahiriwa zama zile jina la Mutung'u, linalotokana na ndui. Hebu fikiria, msomaji: vijana wanaingia utu uzima na jina lao ni la maradhi! Kumbe kabla ya gazeti, habari kubwa ya mwaka iliandikwa katika majina ya watu.

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili, hodari kweli wa sintaksia, aliniuliza: "Prof, ndui ni nini hasa?" Sikumlaumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa ulimwenguni. Neno lilibaki kamusini, hofu ikazikwa na waliokuwa nayo. Kwa hiyo mhariri anapoandika "ndui ya nyani" ili kumtahadharisha kijana wa miaka 24, ajue anamtisha kwa neno ambalo kwake halina sura.

Na huyo nyani kaingiaje? Mwaka 1958 virusi hivi vilitambuliwa miongoni mwa nyani waliofugwa katika maabara moja jijini Copenhagen, Denmark. Basi nyani akabebeshwa jina. Wanasayansi leo huwashuku zaidi panya wa msituni, kuchakuro na jamaa zao. Binadamu wa kwanza kutambuliwa kuwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto mchanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1970. Pale alipokuwa, ndui ilikuwa imeshafagiwa, ndiyo maana upele wake ulishangaza na kuchunguzwa. Novemba 2022, WHO ilipendekeza jina jipya, Mpox, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa limegeuzwa matusi, hasa dhidi ya watu weusi. Sisi nasi, eti kwa kutafsiri, tunalirudisha tusi lile lile kwa Kiswahili sanifu! "Homa ya nyani" ndiyo mbaya kupita zote: inamsingizia mnyama na kuufanya ugonjwa wa upele uonekane kama mafua. Mimi ningeandika mpoksi, nikaliacha lizoeleke kama yalivyozoeleka polio na malaria.

Neno chanjo nalo lina hadithi yake. Waingereza huita kwa neno lililozaliwa na ng'ombe wa Kilatini, vacca, kwa sababu Edward Jenner mwaka 1796 alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto. Kiswahili hakikumtazama ng'ombe. Kilitazama kinachotendwa mwilini. Chanjo ni kutokana na kuchanja, kitenzi kile kile cha kuchanja chale na kuchanja kuni. Nina kovu lake mkononi, kama walivyo nalo wengi wa umri wangu. (Msilichanganye na la kifua kikuu, ambalo watoto wetu wanalo hadi leo.) Chanjo ile ilikinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya mpoksi pia. Ndui ilipoisha, uchanjaji ukasitishwa. Waliozaliwa baadaye hawana ngao hiyo. Hicho ndicho kipengele ambacho vijihabari vyangu vingi havitaji, na ndicho kinachoeleza kwa nini virusi vilivyokuwa vikijificha msituni sasa vinasafiri.

Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililowabeba wagonjwa wawili, safari ya dakika chache tu, akaambukizwa. Alikuwa akiikwepa chanjo kwa kuhofia maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye alizunguka Somalia akiwashawishi wazazi wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata yeye. Polio ilipozuka upya huko mwaka 2013 alirudi kazini, na Julai mwaka huo malaria ikamuua.