Makoti na magauni ya Gikomba

Mavazi ya kike ya mtumba yanayouzwa katika soko la Gikomba, Nairobi, jirani na Pumwani, na kuvaliwa sana katika mitaa ya Eastlands kama Kaloleni, Jericho, Umoja, Kayole na Dandora.

Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake wake wengi walijifunga kanga na kuvaa buibui kama watu wa pwani. Baadaye gauni la kushonwa lilienea, na baada ya uhuru viwanda kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vilitoa vitambaa. Soko la nchi lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje miaka ya 1990, viwanda hivyo vilizidiwa na mtumba ukatamalaki.

Robota la mtumba likikatwa kamba sokoni, wanunuzi hulizingira papo hapo. Nguo bora, ziitwazo kamera, hutolewa kwanza zikatundikwa. Zinazosalia hushuka bei hadi zinakuwa fagia, za kumwagwa juu ya turubai. Hata hivyo, robota halileti mtindo uliokamilika. Fundi wa cherehani hufumua bitana kwa wembe, hutoa sponji za mabega, huingiza mishono ya ubavuni na kupandisha pindo, kisha koti hupigwa pasi ya makaa. Blaza pana ya ofisini Ulaya huondoka hapo ikiwa koti fupi la kubana kiuno. Wavaaji hujivunia lebo ya ng'ambo, ilhali sifa ni ya fundi.

Mkato wenyewe si mgeni duniani. Uingereza ya 1811 hadi 1820, wanawake wa tabaka la juu walivaa spensa, koti fupi lililoishia chini ya kifua, juu ya gauni jepesi la melimeli lenye kiuno cha juu. Magauni ya mshono huo bado hujitokeza Gikomba, na wajawazito huyapenda kwa kuwa hayabani tumbo.

Makoti hutafutwa zaidi Juni hadi Agosti, Nairobi inapokuwa na baridi. Serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikaruhusu tena Agosti.

Kabla ya kulipa, geuza koti ndani nje ukague kwapa: bitana iliyochanika hushonwa, lakini kitambaa kilicholiwa na jasho hakina dawa.