Mfululizo wa Nyakati

Vipimo vya jambo moja vilivyotwaliwa siku baada ya siku, na kuhifadhiwa kwa mpango ule ule vilivyotwaliwa, vina jina lake katika elimu ya takwimu, kwa Kiingereza time series, na mfasiri aweza kulitia katika Kiswahili kwa kusema msururu, au mfuatano, au mfululizo wa nyakati. Nami nachagua hili la mwisho, na hoja yangu naitoa katika mvua.

Katika vituo vyetu vya Afrika Mashariki, saa tatu asubuhi, mpimaji huyamimina maji ya kipimamvua katika gilasi nyembamba yenye mistari, akainama hata jicho lake likalingana na uso wa maji, kisha akaandika milimita alizozisoma. Ikiwa halikuanguka hata tone, huandika sifuri. Na sifuri hiyo ni habari kamili, kwamba siku ile ilitazamwa na mvua haikunyesha. Lakini siku asiyofika, nafasi yake hubaki tupu, na mwenye kuijaza sifuri, ijapokuwa kwa nia njema, huenda ameiita kavu siku iliyokuwa ya gharika.

Sasa, vitu vyaweza kufuatana na baina yao pana pengo, na msururu ni wa watu waliojipanga. Ilhali kufululiza ni kwenda pasina kukatika, na hilo hasa ndilo vipimo hivi vinalolitaka. Tena ni nyakati, si wakati, kwa kuwa kila kipimo kina siku yake.

Zichukue siku 90 za masika uzichanganye kama karata: jumla haibadiliki, wala wastani, ila limepotea lile alitakalo mkulima, kujua kama jua liliwaka siku kumi mfululizo mbegu zilipokwisha kuchipua. Mwaka 1962 Gabriel na Neumann walitangaza uchunguzi wao wa mvua za majira ya baridi katika mji wa Tel Aviv, ambako siku iliyotanguliwa na siku ya mvua ilipata mvua kiasi cha mara 66 katika 100, na iliyotanguliwa na siku kavu mara 25 tu. Kuitegemea jana huko ndiko mchambuzi akutafutako, na pengo moja lililojazwa sifuri ya uongo humharibia hesabu ya siku mbili, ile yenyewe na ile iifuatayo.

Basi wewe uwekaye daftari la mvua, shuleni au shambani, siku uliyoikosa iache tupu, na pembeni uandike kwamba hukupima.