Wanja wa Manga: Jiwe Tunalolipaka Machoni

Hina ni jani, udi ni mti, lakini wanja wa manga asili yake ni jiwe, na safari yake ni ndefu.

Wamisri wa kale walipaka wanja zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wanawake kwa wanaume. Walikuwa na mawe mawili: la kijani liitwalo malakiti, na jeusi la kumetameta liitwalo galena. Galena waliichimba Gebel Zeit, kando ya Bahari ya Shamu. Waliisaga juu ya kibao cha jiwe mpaka ikawa unga laini, wakautia katika vikopo vidogo na kupaka kwa kijiti. Haukuwa urembo tu, waliuhesabu pia kuwa dawa ya macho.

Waarabu waliuita kuhl, na tabibu wa macho wakamwita kahhal. Ali bin Isa wa Baghdad, aliyeishi yapata miaka 1,000 iliyopita, aliandika kitabu mashuhuri cha maradhi ya macho, naye akajulikana kwa jina hilo la al-Kahhal. Sisi wa pwani tukauita wanja wa manga, kwani Manga ni Uarabuni.

Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliusifu wanja wa ithmid, na kwamba akijipaka usiku kabla ya kulala. Ndiyo maana wengi wetu tunaupaka kwa nia ya Sunna.

Hapa ndipo pa kuzingatia. Wataalamu wengi wanaeleza kuwa ithmid ni jiwe la antimoni. Galena ni jiwe la madini ya risasi. Yakishasagwa, yote mawili ni unga mweusi, na kwa macho tu huwezi kuyatofautisha. Vipimo vya maabara katika nchi mbalimbali vimekuta wanja mwingi unaouzwa una risasi, mwingine zaidi ya nusu ya unga wote. Marekani imeupiga marufuku wanja wa aina hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akipakwa, hujifuta macho kisha hutia vidole mdomoni, na risasi hudhuru ubongo wake unaokua. Kwa mama mjamzito, hupita katika damu ikamfikia aliye tumboni.

Mimi nashona nguo za harusi na kuuza vifaa vya biharusi, na wateja huniuliza wanja gani wanunue. Chukueni uliopimwa na kuandikwa hauna risasi, wenye jina la mtengenezaji. Kipakti kisicho na maelezo kiacheni dukani, hata kikiandikwa ithmid. Na watoto wachanga tusiwapake kabisa. Macho ni amana, na kuitunza amana nako ni ibada.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri na macho yenye nuru. Amin.