Kuoza au Kutua? Historia Fupi ya Gama na Lugha Yake, Ikitazamwa kutoka Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, kitu kikioza huharibika: hupoteza umbo, hutoa harufu, na mwisho huwa kitu kingine. Waingereza walipoanza kuandika habari za atomu zinazotoa miali, walitumia neno lao lile lile la jino bovu na mti uliooza. Wafaransa walichagua neno lenye maana ya kusambaratika. Sisi wa Kongo ya mashariki, tunaosoma kwa Kifaransa na kuelezana kwa Kiswahili, tumeyarithi yote mawili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloafiki jambo liitwalo gama, na kwamba kosa hilo la lugha si la darasani tu, bali linawagusa watu wanaoishi na mawe ya Maniema.

2. Jambo lenyewe

Kiini cha atomu kina protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayokipa kiini jina lake: chenye 92 ni urani, chenye 27 ni kobalti. Viini vingine havina uthabiti, navyo hubadilika kwa njia mbalimbali. Katika alfa, kiini hutupa protoni 2 na nyutroni 2 kwa pamoja. Katika beta ya kawaida, nyutroni moja hugeuka protoni, na elektroni hurushwa nje. Katika njia zote mbili jina la kiini hubadilika, na hapo mtu akisema kwamba kiini cha kwanza kimekufa, hatumlaumu.

Lakini kiini kipya mara nyingi huzaliwa kikiwa na nishati iliyozidi. Hakiwezi kukaa nayo. Huiachia kwa umbo la mwali ulio wa ukoo mmoja na nuru, ingawa nguvu yake ni kubwa kuliko ya nuru tuionayo. Huo ndio mwali wa gama. Protoni hazikupungua, wala nyutroni. Kiini kimebaki kilekile, ila kimepata utulivu.

Kwa msomaji wa Maniema, mfano uliopo karibu ni mpagazi. Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara. David Livingstone, aliyeuandika mji huo Bambarre, alikaa huko kwa miezi mingi ya mwaka 1870 akiugua vidonda vya miguu. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu juu ya vichwa vya watu, wengi wao wasiokuwa na hiari. Kwa hiyo mfano wenyewe una uchungu. Lakini unaeleza sawasawa: mpagazi akitua mzigo, hubaki mtu yuleyule. Hakuoza, wala hakusambaratika. Ametua.

Tena mizigo ya kiini ina vipimo maalumu. Kobalti-60 hugeuka kwa beta kuwa nikeli-60, na nikeli hiyo hutua mara mbili mfululizo: kwanza kiloelektronivolti 1,173, kisha 1,332. Bismuti-214 inapogeuka polonia, mzigo mkuu unaotuliwa ni wa 609. Potasi-40, iliyomo katika mawe ya matale na hata katika miili yetu, mara nyingine hugeuka argoni, na argoni hiyo hutua mzigo wa 1,461. Kwa sababu hiyo, apimaye miali huweza kutambua jiwe lina nini bila kulivunja.

Kwa kawaida kutua huko hukamilika kwa muda usiofikia hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Viko viini vichache, hata hivyo, vinavyochelewa. Teknesi-99 katika hali yake ya kungoja huchukua saa 6 hivi kabla ya nusu ya viini vyake kutua, na mwali wake wa kiloelektronivolti 140 hutumika hospitalini kupiga picha za viungo vya ndani. Hapo gama huonekana ikiwa peke yake, na jina la kiini halibadiliki.

3. Jinsi maarifa yalivyopatikana

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie walitangaza kuwapo kwa radi. Mwaka 1900, mjini Paris, Paul Villard aliona kwamba radi hutoa pia miali inayopenya sana na isiyopindishwa na sumaku. Mwaka 1903 Ernest Rutherford aliipa jina la herufi ya tatu ya Kigiriki, kwa kuwa alfa na beta zilikwisha kutajwa. Mwaka 1914 yeye na Edward Andrade waliithibitisha kuwa jamaa ya nuru kwa kuipitisha katika fuwele. Mwaka 1921 Otto Hahn aligundua kwamba kiini cha aina moja kinaweza kuwa na hali mbili zenye muda tofauti, na mwaka 1936 Carl Friedrich von Weizsäcker akaeleza sababu yake. Tuangalie mfuatano huo: jina la jumla la kuoza lilikuja mapema, na ufahamu wa kutua ukaja baadaye. Neno lilikwisha kukaa.

4. Mawe ya Kongo

Kongo haikuwa mtazamaji. Mwaka 1915 urani ilipatikana Shinkolobwe, Katanga, ambako Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya kazi migodini. Kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Union Minière ilitoa radi kutoka katika mawe hayo huko Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa karibu ilitawala soko la dunia. Radi hiyo ilitumika kutibu saratani; lakini sehemu kubwa ya gama iliyotibu haikutoka katika radi yenyewe, bali katika vizazi vyake, risasi-214 na bismuti-214. Mwaka 1940 Edgar Sengier alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe, na mwaka 1942 jeshi la Marekani lilizinunua kwa ajili ya bomu. Waliochimba hawakuambiwa.

Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, kwa juhudi za padri na mwanafizikia Luc Gillon. Kinu cha pili kilifuata mwaka 1972, kikasimama mwaka 2004. Elimu ya kiini, basi, ina umri mrefu nchini mwetu. Iliyochelewa ni lugha ya kuifikisha kwa mwananchi.

5. Maniema na haja ya neno

Maniema ya kusini haina Shinkolobwe. Ina dhahabu, kasiteriti na koltani. Hata hivyo, fuwele za koltani huweza kubeba ndani yake urani na tori kidogo. Kanuni za kimataifa za usafirishaji huyahesabu madini ya asili ya namna hiyo kuwa mzigo nururifu yakizidi takriban bekereli 10 kwa gramu. Tarakimu hiyo inajulikana bandarini. Mtu anayelala chumba kimoja na magunia anastahili kujua maana yake.

Tukimwambia kwamba ndani ya gunia kuna kitu kinachooza, atangoja harufu, asiisikie, na kudhani amesalimika. Au ataogopa kuambukizwa, amkimbie mwenzake aliyefanya kazi mgodini, kama wagonjwa wa ukoma walivyokimbiwa. Yote mawili ni makosa. Gama ya mawe hupenya mwili na huweza kuudhuru, lakini haiufanyi mwili kuwa nururifu. Kinga yake ni umbali, muda mfupi na kizuizi kizito; kwa chanzo kidogo, umbali ukizidishwa mara mbili, mnururisho hupungua hadi robo. Vumbi na gesi ya radoni ni hatari nyingine, kwa kuwa hizo huingia pafuni zikiwa na alfa. Kinga yake ni hewa safi na kuosha mwili na nguo. Neno moja la kuoza huzichanganya hatari mbili zenye kinga mbili.

6. Hitimisho

Tunapendekeza kwamba katika mafundisho yetu neno kugeuka litumike kwa alfa na beta, na neno kutua kwa gama. Halihitaji kuundwa upya. Limo vinywani mwa watu tangu misafara. Kiswahili kilichofika Kasongo kilizoea kuzipa bidhaa ngeni majina na kuyafanya yake, kama kilivyofanya kwa baruti na bunduki. Mawe yetu yalikwenda mbali kabla hatujapewa maelezo yake. Walio mashimoni sasa wapewe maelezo hayo kwa neno wanalolielewa, na maabara zetu ziwapelekee vipimo.