Ardhi "Isiyo na Mwenyewe"

Ukisimama hapa Kingolwira, milima ya Uluguru iko kusini kwako. Kwa Waluguru shamba lilikuwa la ukoo, na ukoo ulihesabiwa kwa mama. Tarehe 26 Novemba 1895, wakati Ujerumani ikitawala hapa, amri ya Kaizari wake ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Wazo hilo ni la kale. Wanasheria wa Roma walifundisha kuwa kitu kisicho na mwenyewe ni cha anayekitwaa kwanza. Mafundisho yao, yaliyokusanywa na Kaisari Justinian mwaka 533, yalisomwa vyuoni Ujerumani kwa karne nyingi. Lakini Uluguru ilikuwa na wenyewe. Leo, nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki ya kimila ya kumiliki ardhi hadhi sawa na hati ya serikali.